Maji ya Moto Yalitangulia

Nilipoolewa Nyaishozi nilimkuta mama mkwe anaogesha wajukuu hivi: maji ya moto yanatangulia kwenye beseni, ya baridi yanafuata. Nami nikafanya hivyo hivyo, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, anatembea kwa kushikashika vitu. Asubuhi hiyo nilimvua nguo uani, kando ya mkeka wa kuanikia kahawa, nikamimina kwenye beseni maji yaliyotoka kuchemka. Nageuka kuchukua dumu la maji baridi, bodaboda ikaingia. Baba mkwe! Katoka Nyabiyonza bila taarifa, na mimi kichwa wazi, kanga imelegea.

Huku kwetu mkamwana hamsalimii baba mkwe akiwa amesimama. Unapiga magoti, unatoa shikamoo, unasubiri amalize: habari za nyumbani, za migomba, za wazazi wako. Nikajifunga kanga, nikamwacha mtoto kaketi chini, nikaenda kupiga magoti. Hatua kumi tu, jamani. Nilimsikia akicheka nyuma yangu, lakini niliona ni utovu wa adabu kugeuza shingo mzee akiongea.

Kisha mtoto akapiga ukelele. Huo siuelezi.

Jirani yetu, mama mwenye asili ya Burundi, alikuja mbio akamnyakua mtoto mikononi mwangu, akaumwagia mkono wake ulioungua maji baridi ya dumu, kwa muda mrefu, huku akinifokea, "Acha kulia, lete mengine!" Baba mkwe akauliza imekuwaje. Nikajibu, "Mtundu huyu, baba. Haambiliki."

Mtoto wa mwaka mmoja! Aibu ilinibana, nikamtwisha yeye lawama. Nikaurudia uongo huo kwa nesi wa kituo cha afya, kwa mume wangu, kwa akina mama wa kanisani, mpaka ukawa ndiyo habari yenyewe. Na babu yake akampa jina, "mtundu wangu," akimwita hivyo kila alipokuja.

Sasa binti yangu ana miaka saba, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havinyooki. Siku hizi natanguliza maji baridi, napima kwa kiwiko, na mgeni akija namsalimia nikiwa nimembeba mtoto, anune asinune. Akili hiyo imenijia nimeshachelewa.

Juzi naandaa kumwogesha mdogo wake, nikamsikia dada mtu anamwambia, "Kaa mbali na beseni. Usiwe mtundu kama mimi, nilimliza mama."

Nikamketisha yule mkubwa, nikamweleza yote: maji, salamu, uongo wangu. Alinisikiliza huku akivivuta vile vidole.

"Kumbe sikuwa mtundu?"

"Hukuwa, mwanangu. Nilikosea mimi."

Akaniuliza, "Babu alijua?"

Babu tulimzika mwaka jana. Nikamwambia hapana, hakujua, sikumwambia.