Mshika Gia wa Shangazi

Fundi wa Mpanda alinipigia simu nikiwa kazini Dodoma. "Dada, injini imekaa vizuri. Sasa giaboksi. Tuweke ya gia za kawaida au otomatiki? Ila nyepesi siweki, hii silinda nane itaisaga wiki ya kwanza." Nilimjibu otomatiki hata hajamaliza kuuliza, nikakata simu nikijiona mtu mwema kweli kweli. Jioni, nikichambua mchele, kumbukumbu zikaanza kunijia moja moja, na nyingine, rafiki yangu, siwezi kukusimulia bila kuinamisha uso.

Gari lenyewe ni la shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyenilea kijijini Mwamkulu. Pikapu ya zamani, ndefu, yenye ngurumo iliyowakimbiza kuku kabla hata haijatokea. Wazee wetu walihamia huku na ng'ombe kutoka kaskazini, na dume mmoja wa jembe ndiye aliyemvunja shangazi mkono wa kushoto. Ukaunga vibaya, ukawa wa kulaza mapajani tu. Usukani aliumudu kwa mkono mmoja. Gia ndizo zilizomshinda. Kwa hiyo nilikaa mimi kushoto kwake. Yeye anakanyaga klachi, anatamka "Mbili!", mimi navuta. Ndivyo tulivyoendesha, watu wawili gari moja, na hatukuona ajabu yoyote.

Msimu wa mavuno tulipeleka mpunga mashineni mjini. Nakumbuka harufu ya pumba iliyochanganyika na petroli, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tuliyotafuna na karanga huku vumbi likitujaa masikioni. "Sikiliza injini, mayu," alizoea kuniambia. "Ikichoka inasema yenyewe." Aliniita mayu, yaani mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Ilifika mahali hakuhitaji kutamka namba. Nilisikia anavuta pumzi, nami nimeshaingiza. Trafiki wa mjini alitutazama mara moja, akajikuna shingo, akageukia baiskeli.

Nilikuwa na furaha mle ndani, usidhani vingine. Tatizo lilikuwa shule. Wenzangu waliniita Nusu Dereva, na jina hilo liliniwasha kama upupu. Nikaanza kujikunyata chini kila tulipopita pale shuleni, nikabakiza mkono tu juu ya gia, ili waone shangazi anaendesha peke yake. Shangazi aliona. Hakunigombeza wala hakuuliza. Safari iliyofuata alikata kona mapema, tukapita njia ya nyuma yenye mashimo matupu, na tangu siku hiyo ndiyo ikawa njia yetu. Mpaka leo nikiikumbuka ile njia nasikia joto usoni.

Kisha nikaenda sekondari ya bweni, halafu chuo, halafu kazi. Binamu zangu walijaribu kushika nafasi yangu, gia zikalia mpaka majirani wakatoka nje. Shangazi akaliegesha gari chini ya kibanda cha bati, akawa mtu wa bajaji. Na akawa mtu wa simu. "Mayu, unakuja lini? Alhamisi nina kliniki." Ndugu yangu, nitakuambia ukweli: ile simu ilinichosha. Niliposema nitamfufulia gari lake, kila mtu katika ukoo alinisifu. Hakuna aliyejua hesabu yangu. Gari likiwa otomatiki atajipeleka kliniki, atajipeleka kanisani, nami nitapumua.

Lilipokamilika nilisafiri mpaka Mpanda, nikampeleka shangazi gereji. Aliingia taratibu, akajifunga vizuri kanga, akapitisha mkono wa kulia mbele ya kifua na kuvuta kile kigingi cha gia mara moja tu, kama fundi alivyomwelekeza. Alizunguka uwanja wa gereji mara mbili. Vijana wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kushoto, nimejaa tabasamu.

Akasimamisha. "Mbili inaingiaje?"

"Inaingia yenyewe, shangazi."

"Na tatu?"

"Nayo yenyewe."

Alitazama kile kigingi. "Haya," akasema, wala hakuwa na hasira. "Kwa hiyo sasa hata usipokuja, mambo yataenda."

 Fundi alikuwa amesimama dirishani, akadhani shangazi hajaipenda giaboksi. "Tunaweza kubadilisha, bibi. Ya gia za kawaida ninayo pale stoo."

"Iache hivyo hivyo," shangazi alimjibu. "Nyie mnamsumbua bure. Huyu ana kazi nyingi."

Alinitetea. Miaka yote ile sikuwahi kumtetea mbele ya watoto wa shule, naye alinitetea mbele ya vijana wa gereji, papo hapo, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilitamani ardhi ipasuke. Mashine ile ya mpunga imeshafungwa, njia ya nyuma imeota nyumba, na watoto waliokuwa wakinicheka wana watoto wao. Hayo naweza kuyaacha yaende. Ila kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye bila mimi hakuweza kusogea, nami nikamtafutia kifaa badala yangu.

Tulirudi Mwamkulu, yeye akiendesha vizuri, mimi kando yake, mikono mapajani, sina cha kushika.