Mkia wa Herufi g

Mke wangu ana wivu, na sisemi hivyo kwa kumsengenya, mwenyewe anajua. Hanionei wivu mimi. Miaka ishirini nimesimama kwenye mashine ya kukatia karatasi dukani kwetu, wateja wa kike wanaingia na kutoka, hajaniuliza hata siku moja. Wivu wake wote ni wa mwandiko.

Yeye huandika kwa mkono, kwa kalamu ya nibu pana, hati ya mlazo: herufi zilizoinama kidogo kulia, nyembamba zikipanda, nene zikishuka. Huandika kadi za harusi na majina kwenye vyeti, na mtaa mzima unamwita Bi Mlazo. Alifundishwa na baba yake, karani wa zamani. Mtu akimsifu hujibu, "Huo ni mkono wa baba," kama anayetaja urithi alioachiwa peke yake.

Basi mdogo wake wa kike, shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kuchora kwenye kompyuta, akaja na habari kwamba ametengeneza fonti, yaani herufi za kuchapia kwenye kompyuta. Alizipiga picha barua ambazo baba alimwandikia alipokuwa shule ya bweni, akazichora upya herufi moja moja, akaiita fonti hiyo Mkono wa Baba. Chuo cha ualimu kilikuwa kimeshaichagua kwa vyeti vyake vyote, vyeti ambavyo Bi Mlazo amekuwa akiviandika tangu tuoane.

Mke wangu alimpongeza kwa midomo. Shemeji alipotoka tu, donge likamtoka.

"Huyo nibu hajui hata kuishika. Baba hakumfundisha hata mstari mmoja."

"Si mdogo wako lakini?"

"Mdogo ni wangu. Na mkono ni wangu."

Nikamwambia wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Akasema kukonda ndiko alikoshauriwa na daktari.

Akachukua karatasi ya mfano aliyoacha shemeji, akachukua na kioo cha kukuzia, akaanza kutafuta kasoro. Siku ya kwanza k ilikuwa inachechemea. Siku ya pili a ilikuwa imebanwa tumbo. Mimi nilijifanya hamnazo. Siku ya tatu alinyamaza, na mimi nikazima mashine, maana mke wangu akinyamaza kuna jambo.

Kidole chake kilikuwa kwenye neno "mwanangu", kwenye mkia wa g. Kando alikuwa amefungua daftari la kazi la marehemu baba yake. Mle daftarini mkia wa g unashuka wima na kukomea hapo, kama fimbo. Kwenye fonti unazunguka na kurudi nyuma hadi chini ya n.

"Baba hakuupinda mkia huu maisha yake yote," alisema. "Anayeupinda ni mimi."

Hapo nikakumbuka. Baba mkwe alipopata kiharusi tulikuwa tukiishi naye. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yalikuwa hayatoki. Shemeji alikuwa anakaribia mitihani na alishatishia mara mbili kutoroka shule, tukakubaliana asiambiwe. Kila wiki mke wangu aliandika barua kwa jina la baba, ikianza na "Mwanangu", na mimi nikaipeleka posta. Mzee alifariki kabla binti yake huyo hajarudi kutoka shule. Tulimwambia ni kifo cha ghafla, na habari ya barua hatukuigusa tena.

Kwa hiyo siku tatu nzima mke wangu alikuwa ameuonea wivu mkono wake mwenyewe. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wanausifu mkono wangu, sifa wanampa yeye, jina wanampa baba," alisema. "Kesho namwambia."

Sikumzuia, ila nilifuatana naye. Shemeji alitukaribisha chumbani anakofanyia kazi, akatuonyesha sanduku dogo la bati lenye barua zile, zimepangwa kwa tarehe. Mke wangu alikuwa anafungua mdomo mwenzake akamtangulia.

"Dada, nikwambie ukweli, hii fonti nimeitengeneza kwa wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wako wewe. Baba alikushika mkono akakufundisha. Umekaa naye mpaka mwisho. Mimi nimebaki na hizi tu. Na bila hizi ningetoroka shule, Mungu shahidi."

Maneno yalikuwa yamefika kwenye ncha ya ulimi wa mke wangu, na nilijua yakitoka hayatarudi.

"Mkia wa g haujakaa sawa," alisema mwishowe. "Umeukaza mno."

Shemeji akampa kalamu na karatasi. Mke wangu akaandika "mwanangu" mara moja, pasipo haraka, mkia ukazunguka ukarudi chini ya n. Shemeji akaweka barua moja kando ya neno lile. Akatazama huku, akatazama kule. Mimi nikatazama dirishani.

"Dada," alisema, "kumbe na wewe unamwiga baba vizuri hivi."

"Najaribu," alisema mke wangu, akairudisha kalamu mezani. "Ila hizo barua zake siwezi kuzifikia."

Na alikuwa anazitazama kwa jicho lilelile la wivu.