Wanasesere wa Huguette Wasukwa

Mikono ya Huguette haitulii ikiona kichwa kisichosukwa. Mchana kutwa husuka wateja katika saluni moja ya mtaa wa Greyville, ugenini, na jioni hupanda chumbani kwake kwa wanasesere wake tisa wa Kijerumani, wenye umri mkubwa kuliko nyanya yake aliyezikwa Bukavu: vichwa vya kauri, namba ya kiwanda kisogoni, macho hujifumba ukiwalaza. Huwasalimia mmoja mmoja. Cheka ukitaka, hana mwingine wa kumsalimia.

Jumapili moja, kwenye meza ya vitu vya kale sokoni, mkono wake ulikutana na wa bibi mmoja wa Kizungu juu ya mwanasesere yule yule. Bibi huyo, Estella wa mtaa wa Morningside, alimwachia Huguette amnunue, akamsimulia jinsi anavyokusanya wanasesere tangu utotoni, kisha akaahidi kuja Jumamosi kuwaona wa Huguette. Huguette alirudi nyumbani akiongea peke yake barabarani. Miaka minne hakuna mgeni aliyekanyaga chumba kile.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alinunua keki, akaazima kikombe cha pili kwa jirani. Na kwa kuwa kwao mtoto hatolewi mbele ya mgeni nywele zikiwa timtim, aliwaosha wanasesere vichwa, akawasuka wiki nzima, wote tisa. Yule mpya, wa kumi, hakumfikia. Kwa aibu akamsukuma mvunguni mwa kitanda.

Estella aliingia akitabasamu, kisha akaviona vichwa vya wanasesere. Akauliza nani amewafanya hivi.

“Kwetu mutoto hapokei mugeni na kichwa ovyo,” Kiswahili kikamtoka Huguette, ndipo akarudia kwa Kiingereza.

Bibi alimweleza kwa upole kwamba zile ni nywele za mbuzi zilizopachikwa Ujerumani zaidi ya miaka mia iliyopita, na zikishaoshwa na kuvutwa hivyo, hazirudi. Machozi yalimlengalenga bibi huyo. Alishukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaaga.

Huguette alibaki akiitazama keki. Mara akamkumbuka aliye mvunguni, ambaye nywele zake hazijaguswa. Alimvuta, akashuka ngazi mbio, lakini gari la bibi lilikuwa limeshavuka taa za barabarani. Namba za simu hawakupeana.

Siku hizi kila Jumapili huenda kwenye ile meza ya vitu vya kale, mwanasesere huyo kifuani, akawatazama wapitao hadi wauzaji wafunge. Nywele zake hajazigusa, ingawa vidole vinamwasha.