Gavana Aliyeituliza Nchi

Asubuhi hiyo tulikuwa tukianika mihogo. Mama alimenya, mimi nikapanga vipande mwambani, na baba, mwalimu wa shule ya misheni, alinisikiliza huku akinyoa ndevu. Somo lilikuwa lile lile: maisha ya gavana Mreno aliyetawala wilaya yetu karne ya kumi na tisa. Alikuja akiwa luteni. Akawa kapteni. Akawa gavana. Akaituliza nchi. Akarudi kwao na nishani, akafia kitandani. Niliyakariri kwa Kireno, na nikikosea nilichapwa.

Nilikuwa na miaka kumi. Leo ni bibi kizee hapa Karungu, kwa Wajaluo wa kando ya ziwa, wananiita Nyar Msumbiji, binti wa Msumbiji, na hasira yangu haijazeeka.

Wanajeshi wa Kireno walifika kabla ya adhuhuri, wakiwasaka wapiganaji wa uhuru. Walitukusanya shuleni, kijiji kizima, mbele ya mlango wa darasa.

Ofisa wao aliona picha ya gavana ukutani. Akauliza nani anamjua.

Baba alinisukuma mbele.

Nikakariri yote, bila kosa. Ofisa akapiga makofi, kisha akamgeukia baba.

"Mwalimu, waeleze watu wako kwa lugha yao. Gavana aliitulizaje nchi?"

Baba aliitazama ile picha. Nikadhani amesahau.

"Alichoma vijiji," akajibu kwa Kireno, ili ofisa asikie vizuri. "Alianza na cha babu yangu."

Kisha akageuka pale mlangoni kutuambia kwa lugha yetu.

Hakumaliza. Walimpiga risasi mgongoni.

Walipoanza kuwasha nyumba, mama alinishika mkono tukakimbia. Tulitembea siku nyingi hadi Mto Ruvuma, tukavuka kuingia Tanzania. Huko nilikua, nikaolewa na mvuvi Mjaluo, akanileta huku.

Juzi tukianua omena, dagaa wa ziwani, jirani yangu Akinyi, ambaye ni rika la binti yangu lakini huniita Dani, yaani bibi, aliniambia, "Dani, si usamehe tu? Hao watu walikufa kitambo."

"Nimsamehe nani? Kuna mtu amekuja kuniomba?"

Akainama, akaendelea kuzoa omena. Hakuwa na kosa, lakini siku hiyo sikumwomba radhi.

Mume wangu nimemzika hapa, nyuma ya nyumba, na watu wa kanisa waliimba. Baba tulimwacha kifudifudi mlangoni pa darasa. Mama alikufa akiamini kwamba wale askari, kwa kuwa walivaa misalaba, walimzika.

Mimi siamini.