Nyungu ya Busaa Mbele ya Madhabahu

Hadi leo nikikumbuka ile krusedi ya injili ya Bungoma, nasikia damu kichwani.

Brathe yangu alikuwa straika hatari hapa Kitale mpaka pombe ya busaa ikamshika. Alikuwa anakuja mazoezi akinuka kama jikoni ya matanga. Halafu akaokoka na akaacha. Tangu tuvune mahindi hakuwa ameonja hata tone, na mama alikuwa ameanza kulala vizuri.

Pasta wa kanisa letu akaona hapo kuna drama. Brathe angecheza maisha yake mwenyewe: anafunga bao, anakaa kwa nyungu na walevi, anavuta na mrija, kwaya inaimba, anainuka ameokoka, anafunga ingine. Mimi nilikuwa refa, juu hakuna kazi ingine ya mtu wa darasa la nane. Kitale tulitia uji kwa nyungu, na watu wakalia.

Bungoma pasta akabadilisha. "Hawa watu wanajua busaa. Ukiwaletea uji watacheka."

Akatuma mama mmoja alete ile yenyewe. Ikakuja moto, povu juu.

Nikamwambia, "Pasta, kama ni mambo ya ukweli, si na wewe ulete dhambi zako tuzione?"

"Kijana, heshimu mtumishi."

Brathe akanivuta kando. "Wacha bana. Nitaweka tu mdomoni. Sivuti."

Wakakaa kwa nyungu, yeye na wazee wawili wa kanisa wamejifanya walevi. Hao wazee walipuliza mrija, povu inacheza. Yeye koo ilikuwa inapanda na kushuka. Kwaya ikaimba pambio yake ya kuinuka. Hakuinuka. Wakarudia. Macho amefunga, anavuta tu.

"Huyu jamaa anaigiza kama kweri," mama mmoja akasema, na uwanja mzima ukapiga makofi. Pasta naye anatabasamu, anawaonyesha kwaya waongeze sauti. Alikuwa anaona. Hiyo ndio inaniuma.

Nikaingia. Nikapuliza filimbi, nikampatia brathe kadi nyekundu, nikapiga nyungu teke. Busaa ikamwagikia viatu vya pasta. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Walidhani ni drama.

Nilimtoa nyuma ya hema na nguvu. Pasta akakuja akitingisha mguu.

"Umeharibu wokovu wa watu."

"Wa nani? Huyu si mtu?"

Akanipita kama mti, akamwangalia brathe. "Ndugu, Jumamosi tuko Webuye. Jikaze."

Brathe alikuwa anaangalia ule mama wa busaa akiondoka na mtungi ingine kichwani, ile ya akiba. Akaanza kutembea.

Nikamshika jezi. Alivuta, mshono ukalia.

"Niachilie," akasema pole pole.

"Sikuachilii. Nitukane ukitaka."

Akanitukana, bana. Akanitukana mpaka ule mama wa busaa akapotea kwa barabara. Halafu akakaa chini kwa nyasi, mimi bado nimeshika.