Mfereji wa Kinu cha Maji

Ijumaa iliyopita, mwenzangu ninayeishi naye hapa ughaibuni, Al Wukair, alirudi kutoka likizo kwao Uganda na mfuko wa unga wa mahindi. Alipoufungua tu, nikauinamia nikavuta harufu yake. "Dada, mbona umetoa macho hivyo?" akaniuliza. Nikamwambia ni miaka mingi sijanusa unga uliosagwa kwa jiwe. Ugali ukachelewa siku hiyo, maana nilianza kumsimulia kinu cha maji cha kwetu. Nawe rafiki yangu, kaa hapo nikupe kisa.

Kinu kilijengwa na mzungu mwenye shamba, zamani za ukoloni. Maji yaliletwa kwa mfereji mrefu uliozunguka kilima, yakaangukia gurudumu la mbao, nalo likazungusha jiwe. Mzungu alipoondoka, kinu kikawa cha kijiji. Mimi nilikikuta kikinguruma. Jumamosi tulipanga foleni na mahindi yetu, tukiimba kwa kufuata mdundo wake, na unga ulipotoka na joto lake tuliuchota kwa kidole tukalamba. Msagaji alikuwa mweupe mpaka kwenye kope. Watoto wadogo walimkimbia, naye akawacheka.

Nilipokuwa darasa la sita, mvua ilipita kiasi. Kilima kikaporomoka, mfereji ukafukiwa, gurudumu likasimama. Karibu mwezi mzima mama zetu walitembea hadi mjini kusaga. Mwishowe wazee wakaitisha mkutano uwanja wa shule. Wakasema kupima njia ya maji alijua mzungu peke yake. Heri kinu kivunjwe, tungoje mashine ya dizeli.

Nyanya yangu akasimama. "Mzungu alionyesha kwa kidole," alisema. "Aliyechimba ni baba yangu, tena kwa lazima. Mimi nilikuwa nampelekea uji kila siku. Njia ya maji naijua."

Mzee mmoja akacheka. "Mama, maji hayafuati kumbukumbu."

"Yanafuata mteremko," nyanya akamjibu. "Kesho njoo na jembe. Usipokuja na jembe, usije na gunia."

Kesho yake walifika wanawake peke yao. Nyanya aliweka karai la maji chini, akainama kutazama yanaegemea upande gani, kisha akaniambia nipige kigingi. Tukasogea hatua chache, karai chini tena, kigingi tena. Wenzake walichimba nyuma yetu. Siku kumi na moja! Mwalimu mkuu alituruhusu kutoka darasani mapema, shule nzima ikabeba mawe, viganja vyangu vikatoka malengelenge. Yule mzee aliyecheka alikuja siku ya nne na jembe begani. Nyanya akampa uji.

Siku ya mwisho msagaji alifungua maji kule juu. Yalikuja polepole, mekundu, yakisukuma majani makavu, nasi watoto tukikimbia kando yake. Kwenye kona ya mwamba yakasimama. Yakajaa, yakajaa, yakapita! Tulipofika kinuni gurudumu lilikuwa linaguna. Likazunguka nusu, likarudi, halafu likashika mwendo. Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Nyanya hakupiga kigelegele. Alikaa chini kwenye tope, akavua kitambaa cha kichwa, akajifuta uso. "Sasa ni chetu," alisema.

Kilisaga miaka mingine mingi. Siku hizi umeme umefika. Gurudumu lilishakuwa kuni, jiwe limelala nyasini, nyanya na msagaji wametangulia. Foleni ya kuimba Jumamosi haipo tena, na harufu ile huipati dukani.

Lakini mwaka jana nilipokwenda likizo niliufuata mfereji kwa miguu. Maji yanapita, yananywesha sukuma wiki kilima kizima. Nikawakuta wasichana watatu wakifua sare za shule, nikawauliza kama wanajua nani aliuchimba.

"Huu ni mto, mama," mkubwa wao akanijibu. "Hakuna aliyeuchimba."

Nikacheka mpaka wakanishangaa.