Hadithi za Mchana na Mkia Wangu

Nilipokuwa mtoto, kule Malindi, mkia ulikuwa jambo la kuogopwa kweli nyumbani kwetu. Nyanya, mama mzaa baba, alituonya tangu hatujaota meno yote kwamba hadithi ni za usiku. Anayezitoa mchana huota mkia, na anayezisikiliza naye huota wake. Leo naelewa kwamba mchana alitaka tukune nazi na kuchagua mchele, na hadithi zingetutia uvivu. Wakati ule sikuelewa chochote isipokuwa mkia.

Basi nilipofika darasa la tatu akaletwa mwalimu mpya kutoka bara, kijana mrefu mwenye suruali pana za bogi, asiyejua miiko yetu hata mmoja. Alikuwa na kitabu kinene cha hadithi za mataifa ya mbali, na kila siku baada ya chakula cha mchana, mabati yakitupikia vichwa, alituhadithia moja. Siku ya kwanza darasa zima lilitia vidole masikioni. Mwalimu akadhani ndiyo adabu yetu ya kusikiliza, akaendelea.

Vidole vyangu havikudumu. Hadithi zilikuwa tamu mno. Mwalimu alipogeuka kuandika ubaoni tulimkagua kwa nyuma, maana kama mikia ni kweli, yeye angekuwa wa kwanza. Lakini suruali zile zingeficha hata mikia miwili, tukabaki na shaka yetu.

Iliyonimaliza ni hadithi ya dubu. Mwalimu alitueleza kwamba dubu ni mnyama mkubwa wa manyoya, wa nchi za baridi ambako maji ya ziwa huganda hata watu wakatembea juu yake. Zamani dubu alikuwa na mkia mrefu wa kuringia. Mbweha akamdanganya autumbukize kwenye tundu la barafu ili samaki waung'ate. Dubu akakaa, akakaa, maji yakaganda, na alipojivuta, mkia ukakatika.

Wiki hiyohiyo nikahisi kitu. Kilikuwa chini kabisa ya uti wa mgongo, pale hasa mkia unapotakiwa kuanzia, kigumu na cha moto. Nilikigusa chooni nikalia kimyakimya. Sikuwa na wa kumwambia. Nyanya ndiye aliyekuwa na sauti nyumbani, na angejua nimekuwa nikisikiliza nini shuleni. Angenitoa shule ile, na hadithi zingeniishia. Nikajipa moyo kwamba buibui huficha mengi, kisha nikakumbuka kwamba sikuwa na umri wa kuvaa buibui. Nikawa nakula nimesimama.

Ndipo nikamkumbuka dubu. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa na duka la samaki karibu na soko, na ndani mlikuwa na sanduku kubwa la mbao lililojaa barafu. Jumamosi asubuhi, alipotoka kwenda kunywa kahawa, nilifunua gunia, nikawasogeza pembeni wale samaki aina ya changu, nikakaa. Baridi ile siwezi kuieleza. Meno yaligongana, machozi yakanitoka, nami nilikuwa nikijivuta kidogokidogo kuona kama mkia umeshika.

Ami aliporudi alinikuta kichwa changu kimechomoza katikati ya samaki. Hakunigombeza. Aliinama, akauliza, "Mwanangu, wewe wauzwa ama wanunua?"

Nikataka kusimama, nguo ikawa imenata. Nikajitupa mbele kwa nguvu zangu zote, na kitu kikapasuka. Maumivu yalikuwa makali, lakini furaha iliyashinda: mkia ulikuwa umekatika. Ami alinibeba mpaka nyumbani nikinuka samaki, huku nikimweleza habari za dubu, mbweha na mwalimu, na Nyanya mlangoni akayasikia yote.

Akanilaza kifudifudi, akakagua.

"Hili ni jipu," akasema. "Mkia hauanzi hivi."

Nikangoja hukumu yangu. Alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, akanifunga kitambaa. Nilikuwa nimeshaanza kuiaga shule moyoni aliponiuliza kwa sauti ndogo, "Na yule dubu, hakuota mwengine?"

Nikamwambia hakuota.

"Masikini," akasema Nyanya.

Jumatatu alinivalisha sare kwa mkono wake, akanionya tena juu ya hadithi za mchana, akanisukuma nje nisichelewe. Jioni, alipomaliza kusali magharibi, aliniita aulize mwalimu kahadithia nini.

Nyanya na mwalimu hawakuwahi kuonana. Maneno yao yalikutana mwilini mwangu, tena mahali nisipoweza kuwaonyesha watu. Nikisimulia haya wenzangu hucheka, nami hucheka nao, ila kuna wakati namwonea wivu yule mtoto. Alimwamini mmoja kiasi cha kula amesimama, akamwamini mwingine kiasi cha kukaa juu ya barafu. Mimi siku hizi husoma hadithi mpaka mwisho, nikasema ni nzuri, nikafunga kitabu.